Kozi ya nyota chuoni: namna ya kuisoma ukiwa Dodoma

Hakuna nyota iliyowahi kuletwa maabara ikawekwa kwenye mzani. Yote yanayofundishwa kuhusu joto lake, tungamo lake, umri wake na kifo chake yametokana na mwanga: umetufikia kwa kiasi gani, una rangi gani, na unatoka sehemu gani ya anga. Ndiyo maana wanafunzi wazuri wa fizikia huanguka kwenye kozi hii. Wanakariri kwamba Jua lina kelvini 5,772 bila kujiuliza namba hiyo ilipatikanaje. Tangu wiki ya kwanza, weka daftari lenye safu mbili: kilichopimwa na kilichokokotolewa. Kila namba mpya darasani iingie kwenye safu moja, pamoja na kanuni iliyoifikisha hapo. Mwongozo huu umeandikwa kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu aliyekwisha kusoma joto, mawimbi na utangulizi wa fizikia ya atomu.

Anayesomea Dodoma ameanza na bahati. Mji uko latitudo digrii 6 na dakika 10 kusini, kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi. Kuanzia Juni hadi Oktoba mawingu ni machache, na karibu anga lote hupita mbele yako kwa mwaka. Ncha ya kusini ya anga iko digrii 6 tu juu ya upeo, kwa hiyo Msalaba wa Kusini na kundi la Dubu Mkubwa vyote utaviona, kila kimoja kwa upande wake. Nyota ya Kaskazini hutaiona, na mazoezi ya vitabu yanayoanza nayo inabidi uyageuze.

Anza na logi, kabla hujagusa nyota

Tenga siku nne za kurudia logi za kizio cha 10. Ujue bila kikokotozi kwamba logi ya 2 ni 0.301, ya 3 ni 0.477, ya 5 ni 0.699. Fanya mazoezi 30 ya kwenda na kurudi: kutoka uwiano kwenda logi, kutoka logi kwenda uwiano. Sapu nyingi za kozi hii hazisababishwi na ugumu wa nyota. Husababishwa na mtu kusahau alama ya kutoa, au kubonyeza logi asilia mahali pa logi ya 10.

Pamoja na hilo, andika kwenye kadi moja vipimo utakavyovitumia muhula mzima: nguvu ya Jua wati 3.828 × 10²⁶. Nusu kipenyo chake mita 6.957 × 10⁸; tungamo kilo 1.989 × 10³⁰. Paseki moja ni mita 3.086 × 10¹⁶, sawa na mara 206,265 ya umbali wa Dunia na Jua. Vitabu vingi vya fani hii bado vinatumia sentimita, gramu na ergi. Wati moja ni ergi milioni 10 kwa sekunde, hivyo ukiona nguvu ya Jua imeandikwa 3.828 × 10³³ usidhani kitabu kimekosea. Chagua mfumo mmoja, ubadilishe kila kitu mwanzoni mwa swali, kamwe usibadilishe katikati.

Magnitudo: mizani iliyopinduka

Magnitudo, kipimo cha mng'ao wa nyota, hupungua kadiri nyota inavyong'aa zaidi. Tofauti ya 5 ni uwiano wa mara 100 wa mwanga, na tofauti ya 1 ni mara 2.512. Kanuni ni m₁ − m₂ = −2.5 log(F₁/F₂), F ikiwa mwanga unaotufikia. Andika alama hiyo ya kutoa kwa wino mwekundu.

Sasa chukua nyota mbili unazoweza kuziona kwa macho kwenye jioni za Februari na Machi mawingu yakiachia. Ya kwanza ni Shira, ile ambayo vitabu vya chuo huiita Sirius, yenye magnitudo −1.46. Ya pili ni Suheli, nyota ya mabaharia upande wa kusini, iitwayo Canopus, yenye −0.74. Kwa macho Shira inaishinda Suheli karibu maradufu. Ingiza umbali: Shira ina paralaksi (kusogea kwake angani kunakoonekana Dunia inapozunguka Jua) ya sekunde ya tao 0.379, hivyo iko paseki 2.64, Suheli iko kama paseki 95. Tumia M = m − 5 log d + 5: m ni magnitudo inayoonekana, d ni umbali kwa paseki, na M ni magnitudo halisi, yaani ile ambayo nyota ingekuwa nayo ikiwa paseki 10. Shira inapata magnitudo halisi 1.43, Suheli inapata −5.6. Tofauti ya 7.0 ni uwiano wa karibu mara 650. Ile iliyoonekana dhaifu ndiyo inayotoa mwanga mara mia sita na zaidi ya mwenzake! Fanya hesabu hii kwa mkono, hatua kwa hatua, mpaka uifikie mwenyewe. Aliyeifanya mara moja hachanganyi tena mng'ao unaoonekana na nguvu halisi ya nyota.

Kosa la kawaida hapa ni kipimo cha paralaksi. Data za kisasa hutolewa kwa milisekunde za tao, na umbali ni 1,000 gawanya kwa paralaksi. Ukiandika 1 gawanya kwa 7.4 utapata paseki 0.135, yaani nyota iliyo karibu mara kumi kuliko jirani wa karibu kabisa wa Jua, na hakuna nyota hapo. Kila ukipata umbali, jiulize kama ni chini ya paseki 1.3. Kama ndiyo, umekosea.

Spektra: mahali pa kukaa wiki mbili nzima

Herufi za madaraja ya nyota, O, B, A, F, G, K, M, utazikariri kwa dakika tano. Kazi ni kueleza kwa nini zimepangwa hivyo, na swali hilo haliachi kurudi kwenye mitihani.

Mistari ya Balmer ya hidrojeni ina nguvu zaidi kwenye nyota za daraja A, zenye kelvini 9,500 hivi. Kwenye Jua ni hafifu, na kwenye nyota za O ni hafifu pia. Mwanafunzi wa haraka huandika kwamba Jua lina hidrojeni kidogo. Wataalamu wenyewe waliwahi kuamini kwamba nyota zina mchanganyiko kama wa Dunia, mpaka Cecilia Payne alipoonyesha kwenye tasnifu yake ya mwaka 1925, akitumia mlinganyo wa Meghnad Saha wa 1920, kwamba nyota ni hidrojeni na heli kwa sehemu kubwa mno.

Fanya hesabu mwenyewe. Mstari wa Balmer huzaliwa pale elektroni iliyo ngazi ya pili inapofyonza mwanga, na kuifikisha ngazi ya pili kunahitaji elektronivolti 10.2. Kwa kanuni ya Boltzmann, sehemu ya atomu zilizo ngazi ya pili ukilinganisha na ya kwanza ni 4 × e^(−10.2/kT), ambapo k ni 8.617 × 10⁻⁵ elektronivolti kwa kelvini. Kwa kelvini 5,772 unapata 5 × 10⁻⁹: atomu tano katika kila bilioni. Kwa kelvini 9,900 unapata 2.6 × 10⁻⁵, yaani mara elfu tano zaidi. Hapo umeeleza kwa nini daraja A linashinda G, daraja la Jua.

Lakini ukiendelea kupandisha joto kwenye kanuni hiyo pekee, mistari ingezidi kukua bila kikomo. Hapo ndipo Saha anaingia. Joto likizidi, elektroni huondoka kabisa kwenye atomu, maana elektronivolti 13.6 zinatosha kuing'oa, na atomu iliyopoteza elektroni yake ya pekee haina cha kufyonzea. Jibu kamili lina Boltzmann na Saha kwa pamoja. Anayeandika mmoja hupata nusu ya alama, na anastahili nusu.

Kwa joto lenyewe, kanuni ya Wien inakupa urefu wa wimbi la kilele: 2.898 × 10⁻³ gawanya kwa T, nanomita 502 kwa Jua. Kisha L = 4πR²σT⁴ inakupa ukubwa. Zoezi zuri: nyota ya kelvini 3,500 yenye nguvu mara 100,000 ya Jua. Usiingize σ wala π; gawanya kwa Jua na vyote vinakatika. R ni kipeuo cha pili cha 100,000, mara (5,772/3,500)², yaani 316 × 2.72, kama mara 860 ya Jua. Njia hii ya uwiano iwe ndiyo mazoea yako. Inaokoa muda na inaondoa nafasi tano za kukosea.

Kilimia kwenye laptopu

Wazee walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Jina lenyewe limetoka kwenye kulima. Jioni za mwisho wa Novemba, mashamba ya mtama na uwele yanaposubiri mvua, kishada hicho huonekana kikichomoza mashariki giza linapoingia. Kwa kozi yako ndicho kishada bora cha kuchorea mchoro wa H-R, wa rangi ya nyota dhidi ya nguvu yake, ule uliotokana na kazi za Hertzsprung mwaka 1911 na Russell mwaka 1913.

Satelaiti ya Gaia, iliyorushwa na Shirika la Anga la Ulaya Desemba 2013, imepima nyota zaidi ya bilioni moja, na data zake ni bure kwa yeyote. Fungua ukurasa wa hifadhi ya Gaia, chagua sehemu ya kuandika maombi, uweke hili:

SELECT source_id, parallax, pmra, pmdec, phot_g_mean_mag, bp_rp
FROM gaiadr3.gaia_source
WHERE CONTAINS(POINT('ICRS',ra,dec),CIRCLE('ICRS',56.75,24.12,2.5))=1
AND parallax BETWEEN 6.8 AND 7.9
AND pmra BETWEEN 16 AND 24
AND pmdec BETWEEN -50 AND -41
AND phot_g_mean_mag < 17

Mstari wa CIRCLE unakata duara la digrii 2.5 kuzunguka Kilimia. Mistari ya pmra na pmdec inabakiza nyota zinazosafiri pamoja angani. Ukiifuta, utaingiza nyota za mbele na za nyuma ambazo hazina uhusiano na kishada. Jaribu kuifuta mara moja ili uone fujo inayotokea. Shusha jibu kwa umbo la CSV. Lina mamia ya nyota tu, halitamaliza bando lako.

Safu ya mwendo mlalo ni bp_rp, ambayo ni rangi. Safu ya wima ni magnitudo halisi: M = G + 5 log(p) − 10, ambapo G ni phot_g_mean_mag na p ni paralaksi kwa milisekunde. Kilimia kina p ya karibu 7.36, sawa na paseki 136, hivyo unapunguza 5.67 kwenye kila magnitudo. Eksel inatosha, Python ni bora zaidi. Mchoro ukitoka kichwa chini, ni kwa sababu programu imepandisha namba kubwa juu. Pindua mhimili wa wima ili nyota zenye nguvu ziwe juu.

Angalia mambo matatu. La kwanza, mstari mrefu wa mshazari: huo ndio mfuatano mkuu, nyota zinazounguza hidrojeni kiini. La pili, mstari hafifu unaokwenda sambamba juu yake kwa magnitudo 0.75. Wengi huudhani ni makosa ya data. Hizo ni nyota pacha zinazoonekana kama moja: nyota mbili sawa zina mwanga maradufu, na 2.5 log 2 ni 0.75 hivi. La tatu, hakuna majitu mekundu, na ncha ya juu imeanza kukunja kulia.

Kukunja huko ndiko saa ya kishada. Muda wa nyota kwenye mfuatano mkuu ni takriban miaka 10¹⁰ × M^(−2.5), M ikiwa tungamo kwa kipimo cha Jua. Nyota ya tungamo 6 inapata miaka milioni 113. Ikiwa za aina hiyo ndizo zinazoanza kuondoka, kishada kina umri wa miaka milioni mia moja na ushee, na ndivyo ilivyo. Tahadhari moja: nyota zinazong'aa kabisa, zile unazoziona kwa macho, Gaia ilizipima kwa shida kwa sababu mwanga wake ulizidi uwezo wa kamera, kwa hiyo usishangae baadhi zikikosekana.

Sehemu inayofuata darasani, miundo ya ndani ya nyota, ni milinganyo minne ya tofauti. Soma kila mmoja kama sentensi: shinikizo linabeba uzito, tungamo linajumlishwa, nishati inazalishwa, nishati inasafirishwa. Kikomo cha Chandrasekhar, tungamo 1.4 za Jua kwa kibete nyeupe, ujue kinatokana na elektroni kukaribia kasi ya mwanga. Mitihani iliyopita ifanyeni kwa kikundi cha watu watatu au wanne, kila mtu akiwa amejibu peke yake kwanza.

Kazi ya uwanjani: nyota inayopumua

Sehemu hii haihitaji darubini, na inafundisha zaidi ya mihadhara mingi. Eta Aquilae ni Sefeidi, nyota inayovimba na kusinyaa kila siku 7.177, ikipanda hadi magnitudo 3.5 na kushuka hadi 4.4 hivi. Edward Pigott aliigundua kuwa inabadilika mwaka 1784, kwa macho. Msimu wake ni katikati ya Julai hadi mwisho wa Oktoba, saa 3 hadi saa 4 usiku, wakati wa kiangazi chetu. Kama ni likizo au uko mafunzo kwa vitendo, fanyia huko huko.

Mahali: ukiwa upande wa Chimwaga, kwenye Chuo Kikuu cha Dodoma, taa za mjini ziko magharibi na za Mji wa Serikali wa Mtumba ziko mashariki, lakini nyota hii hupanda karibu na utosi, hivyo ua usio na taa unatosha. Ukipata nafasi ya kwenda Bahi au Kongwa, nenda. Waarifu walinzi mapema, vaa viatu vilivyofunika vidole kwa ajili ya nge na nyoka, na beba koti, maana usiku wa Julai hapa ni baridi kweli. Zima simu na subiri dakika 20 hadi 30 macho yazoee giza. Tochi ifunikwe kitambaa au karatasi nyekundu. Ukiwasha simu mara moja tu, unaanza kusubiri upya.

Kuitafuta mwezi Septemba: tazama kaskazini, juu sana, uone Altair, nyota nyeupe yenye nyota ndogo kila upande wake. Dhaifu kati ya hizo mbili ni Beta, magnitudo 3.7. Kutoka Altair panda kuelekea utosini pungufu kidogo ya upana wa ngumi ukinyoosha mkono. Eta iko hapo, katikati ya Theta (3.2) upande wako wa kulia na Delta (3.4) upande wa kushoto. Iota (4.4) iko kushoto na juu kidogo yake. Programu ya bure ya Stellarium itakuonyesha ramani yote ukiingiza Dodoma.

Kukadiria: gawa nafasi kati ya nyota moja inayoizidi na moja inayozidiwa katika sehemu kumi. Ukiona Eta imetoka Beta sehemu tatu kuelekea Iota, ni 3.7 + 0.3 × 0.7, yaani 3.9. Ikiizidi Beta, tumia Delta na Beta. Tupia jicho haraka, usikodoe, na usitazame makadirio ya jana kabla hujaandika ya leo. Kosa la 0.1 hadi 0.2 ni la kawaida. Vumbi la Agosti na Septemba hufifisha anga, ndiyo maana unalinganisha na nyota zilizo karibu nayo, kwenye urefu uleule.

Muda ndio unaoharibu kazi za wengi. Saa 3 usiku ni 21:00 ya Afrika Mashariki, na ni 18:00 ya saa ya dunia. Andika zote tatu. Siku ya Julian huanza saa 6 mchana ya saa ya dunia, ambayo kwetu ni saa 9 alasiri, kwa hiyo usiku wetu wote una namba moja ya siku. Wenzetu wa Ulaya nao wana raha hiyo. Kuanzia, siku 2460000.5 ilikuwa usiku wa kuamkia tarehe 25 Februari 2023, saa 9 usiku ya Tanzania.

Angalia kila usiku usio na mawingu kwa wiki tano au zaidi. Usiangalie kila Jumamosi tu: mzunguko ni siku 7.177, hivyo ukirudi kila baada ya siku 7 utaikuta karibu kwenye hatua ileile, na utaandika kwamba haibadiliki. Mwisho, kokotoa awamu: toa siku ya mwanzo, gawanya kwa 7.177, bakiza sehemu ya desimali tu, kisha chora magnitudo dhidi yake. Ukiona mkunjo unaopanda haraka na kushuka polepole, umefaulu. Kupata mzunguko mwenyewe, pima muda kati ya vilele vilivyo mbali na ugawe kwa idadi ya mizunguko. Kosa la nusu siku kwenye mizunguko 10 linabaki karibu saa moja na robo.

Sasa umbali. Henrietta Leavitt alionyesha mwaka 1912 kwamba Sefeidi yenye mzunguko mrefu ina nguvu zaidi. Tumia M = −2.43(log P − 1) − 4.05. Kwa siku 7.177, M ni −3.70. Wastani wako ukiwa 3.9, m − M ni 7.60 na umbali ni paseki 331. Usiishie hapo. Kati yetu na nyota hii kuna vumbi la anga za mbali linaloifanya ionekane nyekundu zaidi kwa magnitudo 0.13 hivi, na kila 1 ya wekundu huo hula 3.1 ya mwanga. Toa 0.40: m − M inakuwa 7.20, umbali paseki 275. Kwenye ripoti andika namba zote mbili, pamoja na kosa la 0.2 la macho yako ambalo peke yake husogeza umbali kwa kama asilimia 10.